Maswali na majibu: Bampa la mwaka mwingine kwenye gari la zamani

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: gari ni la mwaka huu, bampa ni la mwaka ule. Nimechukua matano.

Fundi, habari za kazi. Nina gari la michezo la MGB la 1976 lenye mabampa meusi ya raba. Natamani yale ya kromu ya 1973. Nikifungua boliti na kufunga mengine, si basi?

Laiti ingekuwa hivyo, ndugu yangu. Bampa lenyewe ndilo kazi ndogo. Kazi kubwa iko nyuma yake.

Chanzo cha raba ile ni sheria. Kuanzia matoleo ya 1973, Marekani ilitaka bampa la mbele lihimili kugonga kizuizi kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8, bila taa wala mfumo wa mafuta kuharibika. La nyuma lilitakiwa maili 2.5. Kwa matoleo ya 1974 ikawa maili 5 mbele na nyuma, na kimo cha bampa nacho kikapangwa. (Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1982, lakini magari yalikwisha kubadilika sura.) MG, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza MGB na kuiuza hadi Marekani, walijibu mwishoni mwa 1974: raba nene yenye chuma ndani, na gari zima likanyanyuliwa karibu sentimita 4.

Sasa vua bampa la mbele uone. Indiketa zimeondoka nalo, kwa sababu zilikuwa humo humo ndani. Kwenye gari la kromu taa hizo hukaa kwenye fenda, chini ya taa kubwa. Kwa hiyo unatafuta fenda za mbele za toleo la kromu, au vipande vyake vya kuchomelea, pamoja na shoo, bamba la chini na braketi, kisha waya za indiketa zivutwe upya. Nyuma pia, pembe za chini za bodi zilikatwa kufuata umbo la raba, na hakuna boliti ya kukusaidia hapo; ni msumeno na kuchomelea.

Halafu kuna kimo. Wengi huishia kwenye kromu, gari likabaki limesimama kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Weka springi fupi mbele na vipande vya kushushia nyuma. Mimi ningeifanya kazi hii pale tu gari linapokwenda kupigwa rangi nzima. Kama bodi ni safi, raba ibaki.

Beetle yangu ni ya 1969. Je, itakubali mabampa ya zamani, yale yenye bomba la juu?

Itakubali, ila kwa masharti. Volkswagen walibadilisha mabampa kuanzia matoleo ya 1968: yakawa manyoofu, mazito, na yakapanda juu. Kwa kuwa yalipanda, boneti na mfuniko wa injini vikafupishwa upande wa chini. Ukirudisha bampa la zamani mahali pake pa chini, uwazi unaonekana kati yake na bodi, na matundu ya kupitishia braketi kwenye fenda hayalingani.

Dawa ni kubadilisha fenda zote nne. Za 1967 zilizouzwa Marekani zinafaa sana: taa kubwa zimesimama wima kama zako, lakini matundu ni ya bampa la zamani. Boneti fupi waweza kuivumilia. Mjuzi ataitambua, wengine watapita tu.

Mwenye Porsche 911 ya 1974 anayetaka sura ya 1973 hukutana na mkasa huo huo. Boneti yake ni fupi, hivyo bampa pekee halitoshi.

Bampa langu la 1975 linakaa juu ya shokapu mbili za kupokea mgongano. Moja imezama ndani na haitoki. Niipashe moto?

Hapana. Usiipashe moto, usiikate, usiitoboe kwa kubahatisha. Shokapu nyingi za aina hiyo zina gesi yenye shinikizo, na zikipata moto zinaweza kulipuka. Wazima moto huambiwa wasisimame mbele ya bampa la gari linaloungua. Iliyokwama ikiwa imebanwa ni hatari zaidi, kwani inaweza kufyatuka ghafla. Funga bampa kwa mnyororo, simama pembeni, na ufuate kitabu cha matengenezo cha gari hilo hilo. Huna kitabu? Mpe fundi aliye nacho.

Nipake kromu upya bampa la asili, au ninunue jipya la kuiga?

La asili, kama chuma bado kizima. Ila usilipeleke kwenye kromu kabla ya kulijaribisha kwenye gari. Lifunge kwa boliti zisizokazwa, tazama nafasi kati ya ncha zake na fenda, kulia na kushoto. Braketi zilizopinda zinyooshwe sasa.

Kromu haifichi kitu. Pitisha kiganja juu ya chuma kilichosafishwa, kisha kiinamishe kwenye mwanga: kila bonde utakaloliona hapo utaliona mara mbili likishang'aa. Kazi nzuri huanza na shaba, ambayo husuguliwa ili kujaza vijishimo, kisha nikeli, na kromu nyembamba sana juu. Mng'ao mwingi unatokana na nikeli. Muulize mpakaji kuhusu shaba. Akikwepa swali, chukua bampa lako uondoke.

La kuiga lina faida ya bei, lakini mkunjo wa pembeni mara nyingi haufanani na wa kiwandani, na matundu huhitaji kusawazishwa kwa tupa.

Corvette (gari la michezo la Chevrolet) ya 1974 na ya 1975, je, ganda la nje la bampa la nyuma linaingiliana, yaani la mwaka mmoja litakaa kwenye gari la mwaka mwingine?

Linaingiliana. La 1974 ni vipande viwili vyenye mshono katikati. Kuanzia 1975 ni kipande kimoja. Wengi huweka la 1975 kuondoa mshono. Kama unalo la 1974 halijapasuka, lihifadhi: mshono ule ni wa mwaka huo tu, na mnunuzi makini ataangalia hapo kwanza.