Unasoma saa ngapi, au kwa saa ngapi?

SWALI: Nafundisha darasa la tano. Nilitafsiri hojaji ya Kiingereza inayotaka kujua mtoto hutumia muda kiasi gani kusoma nyumbani, nikaandika: "Unasoma saa ngapi nyumbani?" Karibu wote wakajibu "saa moja usiku" au "saa mbili usiku". Mwenzangu anasema ningeandika "masaa mangapi". Je, yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, watoto wako wamejibu vizuri kabisa. "Saa ngapi" ikifuata kitenzi peke yake, sikio la Mswahili hukimbilia saa ya ukutani. Tuseme boti ya Unguja inaondoka saa mbili, na safari yenyewe kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa saa mbili hivi. Neno ni lilelile. Kinachotuvusha ni hilo "mwendo wa".

Mwenzako ana hoja. "Saa" iko katika ngeli ya I-ZI, umoja na wingi wake ni mmoja, ndiyo maana wahariri wengi huikata "masaa". Lakini watu hawakuizua bure: ukisema "masaa mawili", hakuna atakayedhani unataja saa mbili asubuhi. Mtaani simkosoi mtu. Katika maandishi ya shule nabaki na "saa", naongeza "kwa": unasoma kwa saa ngapi? Au natumia "muda". Usiweke "wakati" hapo, maana "unasoma wakati gani?" itakurudishia majibu yaleyale ya saa mbili usiku.

"Unatumia muda kiasi gani kusoma?" si kosa, ila inanukia karatasi ya ofisini. Jikoni hakuna anayemuuliza bibi anatumia muda kiasi gani kupika maharage. Tunamuuliza, "Bibi, maharage haya yanakaa motoni muda gani mpaka yaive?" Kitenzi "kukaa" kinabeba muda vizuri sana, nasi tunakisahau kila tunapotafsiri.

Kingine tunachokisahau, nacho nakipenda zaidi, ni "kushinda". Mtu anashinda shambani, anashinda kwenye simu, anashinda njaa: siku nzima imo ndani ya kitenzi kimoja, bila kutaja saa hata moja. Usiku una "kukesha". Kwa hiyo swali la mwisho wa wiki liwe "Jumamosi unashinda wapi?", na mtoto atakueleza mengi kuliko idadi ya saa.

Ukitaka kujua mtu ameanza jambo tangu lini, "una" inatosha: una miaka mingapi katika shule hii?

Hojaji yako ningeiandika hivi: "Ukirudi nyumbani, unasoma kwa muda gani?" Chini yake weka majibu ya kuchagua, la kwanza likiwa "chini ya nusu saa". Mtoto akiliona hilo, hatatazama tena ukutani.