Oili ya mnyororo wa chenso, joto na baridi

Ndugu, si lazima ununue oili maalumu ya chenso (msumeno wa injini) ya bei ghali. Wakati wa joto, oili mpya ya injini SAE 30 (namba ya uzito wa oili) inafaa, ingawa hurushwa haraka kidogo kwa kukosa unato. Baridi ikizidi huwa nzito mno, pampu ikashindwa kuivuta. Hapo tumia SAE 10, iliyo nyepesi zaidi. Mafuta ya kupikia nayo hulainisha vizuri, ila usiyaache kwenye tangi miezi, yatageuka gundi. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari usiiguse kabisa! Ina chembe za chuma zinazokula pampu, na sumu yake inakurukia mwilini. Kupima kama oili inafika kwenye mnyororo, elekeza ncha ya chenso kwenye gogo bila kuligusa, ongeza mwendo wa injini: uone mstari wa oili kwenye gogo.