Maswali ya Wasomaji: Kware wa Kununua Hawakai

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tumenunua ekari 30 za malisho ya zamani karibu na Bowling Green, jimbo la Kentucky, Marekani. Mzee jirani anasema kware walikuwa wakilia "bob-white" kila asubuhi, sasa kimya. Tunataka kununua kware 200 kwa mfugaji tuwaachilie. Je, watakaa?

JIBU: Msinunue. Kware wa kizimbani hakulelewa na mama porini, hajui kumkwepa mwewe, na wengi huliwa ndani ya wiki chache. Fedha hiyo iwekeni kwenye ardhi. Hesabu za ndege zilizoanza Marekani mwaka 1966 zinaonyesha kware huyu, Colinus virginianus, amepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mbweha na mwewe walikuwapo tangu zamani; kilichoondoka ni makazi.

Kwenu tunashuku nyasi kwanza. Malisho mengi ya Kentucky ni fesku ndefu, hasa ile aina iitwayo Kentucky 31 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1943. Ng'ombe hawaimalizi, na kware haimfai, kwani imefumana kama zulia. Kifaranga huanguliwa na gramu 6 hivi, anatembea siku ile ile, na wiki mbili za kwanza anaishi kwa wadudu. Anataka udongo mtupu miguuni na majani mapana juu ya kichwa. Ndani ya fesku hapiti.

Mwisho wa Agosti ikateni au ilisheni, kisha iacheni ichipue hadi sentimeta 15 au 25. Umande wa barafu ukishaanguka, nyasi za asili zimelala lakini fesku bado ni kijani. Hapo ndipo pa kupuliza glifosati, dawa ya kuua magugu: kwa dawa ya asilimia 41, lita 2 hivi kwa ekari, na lebo isomwe. Aprili rudieni mabaka yaliyosalia. Wanaoshindwa wengi walipuliza juu ya nyasi kuukuu iliyolala. Dawa ikaishia kwenye majani makavu.

Mbegu msizikimbilie. Ngojeni msimu mmoja mwone udongo wenyewe umehifadhi nini. Magugu ya ambrosia, ambayo mkulima huyachukia, ni chakula kizuri cha kware. Ikibidi kupanda, wekeni kilo 1 hadi 2 tu za nyasi za asili kwa ekari, pamoja na mikunde ya porini, na kina kisizidi milimita 6. Muuza mbegu atawapa kipimo cha malisho ya ng'ombe, kikubwa maradufu au zaidi. Kikataeni, la sivyo shamba litafunga tena.

Wakati wa baridi kware hukaa kundi la ndege 10 hadi 15, na kundi lataka kichaka cha kukimbilia: plamu mwitu au beri nyeusi, kama mita 9 kwa 15, na vichaka visiachane sana. Inameni mwangalie usawa wa kifundo cha mguu: mkiona udongo hadi upande wa pili, kinafaa. Mkiangusha miti ya ukingoni ili ifunike mahali, ueni fesku iliyo chini kwanza. Ikishafunikwa na matawi haipulizwi tena.

Baada ya hapo, kila mwaka vurugeni theluthi moja ya eneo, kwa moto au kwa haro ya sahani (chombo cha trekta cha kukatua udongo), kina cha sentimeta 5 hadi 10, kati ya Oktoba na Machi. Theluthi mbili ziachwe, maana tago hujengwa kwenye mashina ya nyasi za mwaka uliopita: mayai 12 hadi 14, siku 23 za kuatamia. Kuanzia Mei hadi katikati ya Agosti mashine ya kukatia isiingie. Na moto msiwashe peke yenu. Kentucky ina majira ambayo kuchoma karibu na msitu mchana ni marufuku. Idara ya wanyamapori ya jimbo ina wataalamu wa ardhi za watu binafsi. Waiteni kabla ya kununua chochote.

Ekari 30 zitatosha kundi moja, pengine, na kundi moja peke yake halidumu. Msemesheni yule mzee, na wa ng'ambo ya uzio pia. Shaker Village, kijiji cha kihistoria katika kaunti ya Mercer huko huko Kentucky, kware waliongezeka baada ya zaidi ya ekari 1,000 za mashamba kurudishiwa nyasi na maua ya asili.

SWALI: Nafuga kware Siaya na soko limekufa. Nikiwafungulia, si watazaana na aluru, kware wetu wa porini?

JIBU: Hapana. Wako ni kware wa Kijapani. Kwa kufugwa vizazi vingi karibu wamesahau kuatamia, ndiyo maana mayai yao unayaweka kwenye mashine. Aluru ni jamii nyingine, Coturnix delegorguei, mhamaji anayefuata mvua. Wako wachinje ule, au uuze nyama. Ukitaka kumsaidia aluru, acha ukingo wa shamba bila kufyekwa hadi amalize kuangua.