Kuiona galaksi kwa ubavu: kwa mnaoanza

Ninyi mnaojiunga nasi kutazama nyota mwaka huu, picha za Galaksi ya Sombrero, kundi kubwa mno la nyota lililo mbali, mmeshaziona kwenye simu: kofia ya mwanga yenye ukingo mpana, na ukanda mweusi umeizunguka kama mshipi. Ziwekeni kando kabla hatujaondoka Moshi mjini kwenda kusini, kwenye mashamba ya miwa. Kwa darubini yetu ya sentimita 20 mtaona doa la kijivu, refu kidogo, basi. Usiku wangu wa kwanza nililitazama dakika moja nikampisha mwenzangu. Ilinichukua mwaka mzima kujua nilichokikosa.

Jicho linataka dakika 20 hadi 30 za giza ndipo lizoee. Ukiwasha simu mara moja tu, unaanza upya, na wenzako nao wanaanza upya. Tochi ifungwe kitambaa chekundu. Halafu usilikodolee lile doa. Elekeza jicho pembeni yake kidogo, kwa sababu katikati ya jicho ni pazito kwa mwanga hafifu. Kaa hapo. Kwenye dakika ya tano au ya kumi utaona upande mmoja wa doa umekatika ghafla, kama umepitishwa wembe. Hapo umeuona ukanda.

Weusi ule si pengo. Ni vumbi, chembe ndogo kama za moshi, linaloziba nyota zilizo nyuma yake. Tunaliona vizuri kwa kuwa galaksi hiyo imeinama nyuzi 6 hivi tu kutoka ubavu kamili. Shikeni chapati usawa wa macho mtanielewa. Njia Nyeupe, galaksi yetu, ina upana wa takribani miaka nuru 100,000 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na sahani ya nyota zake ina unene wa kama 1,000: ni chapati ya sentimita 30 yenye unene wa milimita 3, imevimba katikati. Sisi tumo ndani yake, kwa hiyo nayo tunaiona kwa ubavu. Mabaka meusi mnayoyaona Julai kwenye mkanda ule mweupe ni vumbi la aina hiyo hiyo. Mimi huwaanzishia wageni hapo, kwa macho matupu, darubini baadaye.

Kuitafuta Sombrero: katikati ya Juni, saa moja na nusu usiku, iko karibu na utosi. Tafuta nyota nne za kundi la Ghurabu (Corvus), kisha kutoka ile ya kona ya kaskazini-mashariki panda kaskazini kiasi cha vidole vitatu, mkono ukiwa umenyooshwa. Msihangaike nayo ikiwa utosini, darubini yetu inageuka kwa shida pale. Subirini muda wa saa mbili ielemee magharibi.

Mwanaastronomia Mfaransa Pierre Méchain aliiona mwaka 1781. Miaka ya 1910 mwanaastronomia Vesto Slipher, akiwa Arizona, Marekani, alipima mwanga wake akakuta inatukimbia kwa takribani kilomita 1,000 kwa sekunde, wakati wataalamu bado wanabishana kama vitu hivyo viko nje ya Njia Nyeupe. Leo tunajua iko umbali wa miaka nuru milioni 30 hivi.

Chora ulichokiona kabla ya kufungua picha yoyote. Andika saa, na wingu la Kilimanjaro lilikuwa wapi. Tumia penseli, maana umande wa saa sita usiku hulowesha karatasi na wino wote unachuruzika.