Jibu: DD-214 ya mume wangu haionyeshi kwamba alikuwa Afghanistan, tuanzie wapi?

Dada, nimeusoma uzi wako mara mbili, na mara zote mbili nimejiona mimi mwenyewe. Kwa wanaoingia sasa: mumewe alitoka Jeshi la Nchi Kavu la Marekani mwaka 2013. Cheti chake cha kuachishwa, yaani DD-214, hakina hata neno moja la Afghanistan alikokaa miezi tisa. Jina lake la ukoo limekosa herufi. VA, idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani, wanataka uthibitisho wa mahali alipotumikia kabla ya kuendelea na madai yake. Na sasa kuna bwana mmoja anayetaka dola elfu moja na ushei "kulishughulikia faili".

Hela msitoe. Fomu zote nitakazozitaja ni bure. Mkitaka mtu wa kuwashika mkono, vyama vya maveterani kama American Legion, DAV na VFW vina wasaidizi wanaotambuliwa na VA na wasiolipisha kitu. Wakili ana mahali pake, ila kwa kosa la aina hii hamjafika huko.

Yangu ilikuwa Iraq, 2009 hadi 2010. Kikosi changu kilibaki Marekani, mimi na wenzangu wachache tukaazimwa kwa kikosi kingine kilichopungukiwa watu. Hapo ndipo mkosi ulipoanzia: amri ya kunipeleka ilitolewa na watu wengine na kuwekwa kwenye majalada ya watu wengine. Siku ya kuachishwa, karani wa kambi moja nisiyoitaja alinisukumia rasimu ya DD-214 akaniambia nisome vizuri. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na kichwani nilikuwa nimeshafika nyumbani. Nikaangalia jina na tarehe ya kutoka, nikatia saini. Kisanduku namba 18, kile cha maelezo ya ziada ambamo huandikwa nchi uliyopelekwa na tarehe za kwenda na kurudi, nilikipita kama mtu anavyopita tangazo la sabuni. Nilikuja kukisoma miaka mitatu baadaye, kifua kilipoanza kunisumbua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika barua. Kurasa tatu, dada! Joto la Julai, vumbi, mashimo ya kuchomea taka yaliyofuka moshi usiku kucha karibu na mahema yetu, kombora lililotua nyuma ya jiko. Niliandika kwa uchungu na kila neno lilikuwa kweli. Jibu lilikuja kwa aya mbili: hakuna nyaraka zinazounga mkono ombi hili. Nilikasirika siku kadhaa, kisha nikaelewa. Anayesoma hana njia ya kunijua mimi ni nani. Anachokijua ni karatasi, na kanuni inamtaka aanze kwa kuamini kwamba kumbukumbu za jeshi ziko sahihi mpaka mwombaji aonyeshe vinginevyo. Mzigo wa ushahidi ni wako, na kinacholifuta kosa la karatasi ni karatasi nyingine iliyoandikwa wakati ule ule na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kukupendelea.

Kwa hiyo mara ya pili sikuandika hadithi. Nilichora jedwali dogo: kushoto kosa, kulia karatasi inayolikanusha. Kama upande wa kulia uko wazi, hilo kosa silipeleki bado.

Karatasi zenyewe nilizipata hivi. Kwanza nilijaza fomu SF-180 kuomba faili langu lote, si DD-214 peke yake. Hilo litajeni wazi kwenye fomu, maana ukiandika tu "kumbukumbu zangu" mara nyingi unarudishiwa DD-214 ile ile uliyo nayo. Ukiwa na akaunti ya milConnect, tovuti ya kumbukumbu za wanajeshi, unaweza kuomba kwa intaneti pia. Ndani ya faili nikakuta tathmini yangu ya usajini ya mwaka ule, imesainiwa na wakubwa wa kikosi kilichoniazima, na kwenye maelezo ya kazi imetajwa Iraq. Nikakuta pia hati ya nishani niliyopewa kule, ina kipindi chake kamili. Amri ya kupelekwa haikuwemo kabisa.

Iliyofunga mjadala, ukiniuliza mimi, ni karatasi ya mshahara. Nilikuwa nimemtumia mke wangu kwa barua pepe karatasi ya mwezi mmoja ili aonyeshe alipokuwa akitafuta nyumba ya kupanga. Ilikuwa bado imelala kwenye barua pepe yake, mwaka wa sita huo. Kwenye safu ya malipo kuna ile dola 225 ya eneo la hatari, na chini yake mshahara umeondolewa kodi kwa sababu ya eneo la vita. Jeshi halimlipi mtu aliyekaa Marekani posho ile. Shemeji naye atafute: barua pepe za zamani, maombi ya mkopo wa gari, fomu za kodi. Asipopata, DFAS, ofisi inayolipa mishahara ya wanajeshi, inaweza kuombwa kumbukumbu za malipo yake.

Halafu wenzake. Ushahidi wa askari mwenzako unasaidia sana ukiandikwa vizuri, na wengi wanauandika vibaya. "Ni askari hodari, nilijivunia kutumika naye" haithibitishi kitu. Luteni wangu aliniandikia mistari sita: yeye ni nani, alikuwa na cheo gani, nilikuwa chini yake platuni gani, kambi gani, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, na anajuaje. Akamaliza kwa kutamka kwamba anasema kweli akijua adhabu ya kusema uongo, akaambatisha DD-214 yake inayoonyesha tarehe zile zile. Hiyo mistari sita ilifanya kazi kuliko kurasa zangu tatu.

Sasa mlango wa kubisha. Hapa watu wengi wanakosea kwa kukimbilia bodi, ile ya jeshi inayorekebisha kumbukumbu. Kosa lililo wazi, ambalo karatasi zilizopo kwenye faili zinalionyesha, hurekebishwa na maofisa wa kumbukumbu bila bodi yoyote. Kwa mtu wa jeshi la nchi kavu aliyetoka 2013, ombi linakwenda Kamandi ya Rasilimali Watu, Fort Knox, Kentucky. Bodi yenyewe inataka kuona kwamba njia hiyo mmeshaijaribu, la sivyo inawarudisha huko huko. Mimi nilirekebishiwa Iraq kwa njia hii. Msishangae mkipata si DD-214 mpya bali ukurasa mmoja unaoitwa DD-215: namba ya kisanduku, na jinsi kinavyopaswa kusomeka. Haifuti ile ya zamani, inatembea nayo. Zibaneni pamoja maisha yote, na kila mnapotoa nakala ya moja toeni na ya pili.

Msijaribu kuongeza herufi ile kwa kalamu. Kuchezea cheti cha kuachishwa jeshi ni kosa la jinai la serikali ya shirikisho, na utakuwa umeharibu karatasi ambayo ilikuwa na kosa dogo tu.

Kuhusu jina, swali la kwanza ni hili: mkataba wake wa kujiunga, fomu DD-4, unasemaje? Kama pale jina liko sawa na herufi imedondoka kwenye DD-214, hilo ni kosa la uchapaji, liambatisheni kwenye ombi lile lile la Fort Knox. Kama herufi ilidondoka tangu siku ya kiapo, mtahitaji cheti cha kuzaliwa au pasipoti aliyokuwa nayo wakati ule, na huenda mkaishia bodi. Sisi watu wa jina-langu-la-baba-la-babu tunaumia sana hapa. Mimi kwenye faili la hospitali nilikuwa na jina la baba mwisho, kwenye mshahara jina la babu. Kilichoniokoa ni namba ya Social Security, ambayo ilikuwa moja kote.

Ila kama alibadili jina baadaye, tuseme alipopata uraia baada ya kutoka, hilo ni jambo jingine. DD-214 inaonyesha hali ilivyokuwa siku ya kuachishwa. Jina ambalo siku ile lilikuwa sahihi, kwa kawaida hawalibadilishi. Hapo unatembea na hati ya kubadili jina pembeni, basi.

Sasa jambo ambalo ningeambiwa mapema ningeokoa mwaka mzima: msisubiri DD-214 irekebishwe ndipo mrudi VA. Ni ofisi mbili tofauti. VA wanaweza kukubali ushahidi mwingine wa mahali ulipotumikia, kwa hiyo karatasi zile zile mnazopeleka Fort Knox, pelekeni nakala VA wiki hiyo hiyo. Sheria ya PACT, iliyosainiwa Agosti 10, 2022, inayachukulia magonjwa kadhaa ya kifua na aina kadhaa za saratani kuwa yametokana na utumishi kwa aliyekuwa Afghanistan baada ya Septemba 11, 2001, bila kumtaka athibitishe moshi gani ulimwingia pua gani. Ndiyo maana wanang'ang'ania mahali. Na kama kuna ugonjwa ambao shemeji bado hajauombea, aweke leo leo nia ya kudai, fomu 21-0966. Inamlindia tarehe ya kuanzia malipo kwa mwaka mmoja wakati anakusanya nyaraka.

Bodi sasa, kama mtaihitaji. Kwa jeshi la nchi kavu ni ABCMR, na fomu ni DD-149. Wanamaji na Marines wana yao, Jeshi la Anga lina yake, Walinzi wa Pwani wana yao chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Sheria inasema uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Usiogope neno hilo. Tangu ugundue, si tangu utoke, na bodi ina uwezo wa kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki. Fomu ina sehemu ya kueleza kwa nini umechelewa. Isiachwe wazi. Andikeni ukweli kwa sentensi mbili tatu: lini mliona, mlifanya nini tangu hapo. Ombeni kitu mahususi pia. "Naomba haki itendeke" haiwezi kuandikwa kwenye kisanduku. "Naomba kisanduku 18 kiongezwe utumishi Afghanistan, tarehe fulani hadi fulani" inaweza. Kisha mvumilie: sheria inazipa bodi hizi hadi miezi 18 kumaliza ombi.

Msiichanganye na DD-293, ambayo wadau wawili wameitaja hapo juu. Ile ni ya kuomba aina au sababu ya kuachishwa ipitiwe upya, ina ukomo wa miaka 15, na shemeji aliachishwa kwa heshima. Haimhusu.

Mimi bodi niliijaribu kwa jambo jingine, beji ya waliokutana na adui uso kwa uso. Sikuipata. Nilikuwa na mashahidi wawili waliokumbuka kombora, lakini kila mmoja alikumbuka mwezi tofauti, na ripoti ya tukio haikunitaja jina. Kwa nilichowapelekea, hata mimi ningejikatalia. Ombi linaweza kurudiwa ukipata ushahidi mpya ambao hawajauona, kwa hiyo bado namtafuta mganga wa platuni aliyenifunga mkono siku ile.

Na kwa aliyeuliza huko chini kuhusu baba mkwe wake wa vita vya Korea: usikate tamaa ukijibiwa kwamba faili halipo. Julai 12, 1973 moto uliunguza ghorofa ya juu ya kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakapotea. Kwa jeshi la nchi kavu, takriban asilimia 80 ya waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Hapakuwa na nakala. Jaza fomu NA 13055, taja kombania na miezi kwa kadiri familia inavyokumbuka, watajaribu kulijenga faili upya kutoka hati za malipo ya mwisho na ripoti za asubuhi za vikosi. Jirani yangu mjane alifanikiwa kwa bahasha moja ya mwaka 1952 iliyokuwa na anwani ya kikosi cha mumewe kwenye kona. Mjane au ndugu wa karibu anaruhusiwa kuomba, akiambatisha cheti cha kifo.

Dada, usiweke picha ya DD-214 hapa jukwaani hata ukiziba namba, nimeona mtu amezibua kwa simu. Niandikie tu kilichomo kwenye visanduku 12, 13 na 18 kwa maneno yako. Na leo jioni muulize shemeji swali moja: alipokuwa kule, nani nyumbani alikuwa anahitaji karatasi yake ya mshahara?