Muamala mmoja, miunganisho miwili

Ndugu, umeuliza kama muunganisho wa pili unaweza kuendeleza muamala (kundi la amri zinazofaulu au kufutwa zote pamoja) uliofunguliwa na wa kwanza kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Hauwezi. Muamala ni wa muunganisho uliouanzisha, na usichokomiti (yaani usichothibitisha kwa COMMIT) hakionekani kwingine. Niliwahi kukesha nikitafuta rekodi niliyoiingiza mwenyewe, kumbe muamala niliouanza kwa BEGIN ulikuwa bado wazi kwenye dirisha jingine.

Kwa kusoma tu picha ileile (snapshot) ya data iliyokwisha kukomitiwa ipo njia, nami naipenda sana: wa kwanza, ndani ya muamala wake, uite pg_export_snapshot(), wa pili uanze muamala wake kwa kiwango cha REPEATABLE READ, kisha SET TRANSACTION SNAPSHOT na kile kitambulisho ulichopewa, kabla ya kuuliza chochote. Wa kwanza uwe bado wazi wakati huo. Kwa kuandika, tafadhali pitisha muunganisho uleule kwenye kila fankshoni.