Koherensi "nusu" au koherensi "ya kiasi"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri ripoti ya wabunifu wa lenzi, kuna sehemu wanapima mwanga wa leza ambayo koherensi yake haijakamilika. Nimeandika "mionzi yenye mshikamano nusu", mwenzangu ofisini anasema imekaa vibaya. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Ni kweli, na nianze na hiyo "nusu" manake ndo inapotosha zaidi. Koherensi, yani mawimbi ya mwanga kwenda pamoja, ina kipimo chake, unapitisha mwanga kwenye mianya miwili myembamba, mambo ya Thomas Young ya mwanzoni mwa miaka ya 1800, kwenye skrini unapata mistari ya mwanga na giza, halafu unachukua ukali wa mstari unaong'aa unatoa ule wa mstari wa giza, unagawa kwa jumla yao. Tuseme kunakong'aa ni 8, gizani 2, basi ni 6 kwa 10, yani 0.6. Mianya yote ikipata mwanga sawa, 1 ndo koherensi kamili na 0 hakuna kitu. Sasa ukiandika "nusu" mhandisi ataelewa 0.5, wakati ripoti inasema chochote kilicho katikati. Andika "koherensi ya kiasi".

"Mshikamano" mi ningeuacha, kwenye fizikia tayari una kazi yake, molekuli za kitu kimoja kuvutana, huku tunaongelea mawimbi kwenda pamoja kifezi, yani vilele na mabonde yao kubaki kwenye mpangilio uleule. Na "mionzi", dah, msomaji atawaza eksirei. Sema mwale, wingi miale, na ni "miale imetawanyika", siyo "yametawanyika" kama wengi wanavyotype.

Halafu naona umechanganya "kupima" na "kubainisha sifa". Unachopima ni upana wa mwale, sehemu mbalimbali za njia yake, karibu na pale unapokuwa mwembamba kabisa na mbali na hapo, ISO 11146, kiwango cha kimataifa cha kupima miale ya leza, inataka angalau sehemu 10, ndo kutokana na vipimo hivyo unabainisha sifa, kama ile M², namba ya ubora wa mwale. Hiyo usiitafsiri, iache ilivyo. Ikiwa 1 mwale ni wa Gauss kamili, yani unang'aa zaidi katikati na kufifia taratibu kuelekea pembeni, ikiwa 3 basi lenzi ileile na mwale wa upana uleule vinakupa doa, pale lenzi inapokusanya mwanga, pana mara 3, mbunifu aliyepiga hesabu kana kwamba koherensi ni kamili atashangaa doa lake limetoka wapi. Na ni doa, siyo "nukta" ulivyoandika, nukta haina upana wa kupima.